Neno Nililompakazia Stumai

Fridolin, vuta mlango wa uani kuku wasiingie, halafu ukae. Agnella, njoo upande huu wa dirisha, sikio la kulia ndilo linalosikia. Nataka kusema sasa, jua likiwa bado changa, kwa sababu likipanda pumzi inanikimbia, na Stumai akishafika na uji wake nitakosa nafasi. Sikilizeni, wanangu, wala msinikatize, hata mtakaposikia jambo ambalo mngependa mama yenu asiwe amelitenda.

Ya mali ni machache. Nyumba hii ya Kibaoni ni ya Agnella, kwa kuwa ndiye aliyerudi kuniuguza. Ekari tatu za mpunga ng'ambo ya mto, njia ya Lupiro, ni zako Fridolin, isipokuwa ile moja ya kando ya mfereji, ambayo nitaisemea baadaye. Baiskeli ya baba yenu mpeni mjomba wenu Osward. Ameitamani tangu baba yenu yu hai, na mimi najua kutamani cha mwenzio kunavyomchosha mtu.

Mnakumbuka kaka yenu Evod alivyotutoka. Alikwenda kufukuza ng'ombe wa Wasukuma walioingia kwenye mpunga, akarudishwa amelazwa juu ya ubao wa mlango. Kesho yake vijana wa upande wetu wakaenda kuchoma nyumba za Wasukuma, na Seni, ambaye siku ile ya Evod hata shambani hakuwepo, akauawa mbele ya mkewe Dorika na watoto wao watatu. Kanisani wakahubiri, msikitini wakahubiri, lakini sokoni watu hawakuuziana hata chumvi. Mimi nilikaa ndani miezi minne, nikiwaza kwa akili ya mtu aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote: watoto wawili wakipigana huwaambii tu wapeane mikono, unawapa ndoo moja ya maji waibebe pamoja. Ndipo nikatoa kanuni kwamba shamba la mfiwa lipaliliwe na wanawake wa upande uliomuua marehemu wake. Wasukuma wapalilie kwangu, sisi tupalilie kwa Dorika, na wanawake wa msikitini, waliokuwa wachache na wasiohesabiwa katika ugomvi ule, watupikie na kukaa kati yetu.

Kanuni ilikuwa yangu. Ulimi wa kuitia uhai ulikuwa wa Stumai, mmoja wa wale wa msikitini.

Siku ya kwanza, shambani kwangu, yalisikika majembe tu. Sisi wenyeji, Wandamba, tumesimama kwenye tuta, Wasukuma wameinama, hakuna anayemtazama mwenzake. Stumai akaacha sufuria yake akaja ukingoni, akasema, "Nyie Wasukuma, mnapalilia kama mnachunga, mnaswaga magugu yaende kwa jirani." Nikasema moyoni, huyu mwanamke ametuua. Dorika akainua kichwa taratibu, akamjibu, "Na nyie Wandamba mnapalilia kama mnavua, mnakaa mnangoja jani lije lenyewe." Wanawake wakacheka mpaka wengine wakaketi matopeni. Dorika naye alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akaangusha jembe, akanipita mimi niliyezika mtoto kama yeye alivyozika mume, akaenda kuangukia kifua cha Stumai. Tangu siku hiyo mimi aliniita mwalimu, na Stumai akamwita mayu, ambalo kwao ni mama.

Nilimwonea wivu. Haukuwa wivu wa mume wala wa kanga mpya, wanangu, ulikuwa wivu wa machozi ya mtu. Nilijiuliza huyu amemzika nani? Watoto wake wanne wote wazima, analala usingizi, halafu yeye ndiye awe mama wa wafiwa? Nilidhani Evod ameniachia haki ya kupendwa na kila mtu, na kila aliyempenda Stumai nilimwona kama ananiibia. Alipochelewa nilifurahi. Alipougua malaria nilimpelekea machungwa, na njiani nikawa natumaini atalala wiki mbili.

Mwaka wa tatu, padri na shehe na mchungaji wakaja pamoja kuona palizi yetu. Nilivaa gauni langu la Pasaka. Wakamsalimia Stumai kwanza, wakamwomba aseme, naye akasema vizuri, mkitaka ukweli alisema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi, na mwisho akasema, "Lakini wazo hili ni la mwalimu Balbina." Watu wakapiga makofi mafupi, kama unavyompigia mtoto aliyekuwa wa saba. Mngedhani kutajwa kungeniponya. Kuliniunguza zaidi, kwa kuwa hata sifa yangu nilipewa kwa mkono wake.

Alhamisi ile tulisali jumuiya nyumbani kwa Evelina. Baada ya sala, mtu mmoja akamsifu Stumai, nami nikainamisha kichwa nikasema polepole, kwa ile sauti yangu ya darasani ambayo hakuna anayeishuku, "Ni mwema, ila mchunge watoto. Wa Dorika ameshaanza kuwafundisha sala za kwao msikitini." Wanangu, Stumai alikuwa anasema bismillahi anapopakua ugali, na watoto waliigiza kama watoto wanavyoigiza kila kitu. Nilijua hivyo. Nilijua kabla sijafungua kinywa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema, lakini mimi sikujikwaa, niliuelekeza.

Jumamosi iliyofuata wanawake wa kanisani hawakuja palizini. Fridolin, usiinuke. Najua unachokumbuka, ndiyo maana nimekuita. Wewe ndiye uliyesimama shambani mbele za watu ukamwambia, "Mama Stumai, watoto wetu hawahitaji chakula chenye dini ndani yake." Ulilitoa wapi neno hilo? Ulilitoa mdomoni mwangu likiwa limepita midomo mingine kumi. Wa msikitini wakaona wametukanwa, na kweli walitukanwa. Pale kisimani vijana nusura washikane tena. Dorika akaona yale yaliyomuua mume wake yanarudi kwa jina jingine, akawachukua watoto akahamia Uchindile, mpunga wake ukamezwa na magugu. Omega, mwanawe mkubwa, alikuwa ndiyo kwanza anasoma kwa sauti bila kuweka kidole kwenye mstari. Sijui kama aliendelea.

Stumai alikuja hapa, akakaa kwenye kile kigoda. "Dada mwalimu, nani amenifanyia hivi?" Nikamjibu, "Watu, mdogo wangu. Midomo ya watu." Akalala kifuani kwangu akalia. Kile nilichokitamani miaka mitatu nikakipata, nikakishika hivi kwa mikono miwili, na kilikuwa cha wizi.

Nipe maji kidogo. Basi, yanatosha.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sitaki kiniumbue mimi peke yangu nikiwa nimeshazikwa, halafu wewe Fridolin ubaki na chuki ambayo si yako, uwafundishe wanao. Mchuma janga hula na wa kwao, na hili nimekulisha vya kutosha. Nilikusikia juzi ukisema uani kwamba hawa watu wa msikitini hawaaminiki. Wanaaminika, baba. Asiyeaminika alikuwa mama yako.

Kwa hiyo, nikiondoka, msigawane hata kijiko kabla ya siku ya matanga. Siku hiyo simama wewe, si katekista, mbele ya jumuiya na mbele ya wa msikitini, useme kwamba neno lile lilitoka kwa Balbina na lilikuwa uongo, wala usiongeze kwamba nilikuwa mgonjwa au mfiwa. Kisha panda treni uende Uchindile mwenyewe, usipige simu. Ekari ya mfereji ni ya Dorika, hati yake Agnella anajua ilipo. Msalimie kwa heshima, mweleze kwa nini palizi ilivunjika. Akikataa shamba, usibishane naye. Akikufukuza, ondoka taratibu.

Unatikisa kichwa. Unaogopa jina langu litachafuka. Mwanangu, limechafuka siku nyingi, ni nyinyi tu hamkuwa mnaona.

Mungu awape... ngoja. Mungu awape moyo unaoweza kumtazama mwenzie akipendwa usiumie. Mimi sikuupata. Hata sasa, nikimsikia Agnella anacheka na Stumai jikoni, wivu unanichoma, hapa. Nawabariki na wivu wangu ukiwa haujaisha, maana nikisubiri uishe nitakufa sijawabariki. Mpendane. Fridolin, lete kichwa... hivyo. Na wewe, mama.

Hodi hiyo. Ni yeye, mfungulie. Hapana, Fridolin, usitoke, keti. Matanga ni yako, lakini leo pumzi ipo, nitaanza mwenyewe. Agnella, niinue mgongo.

Karibu, Stumai. Marahaba. Uji... uweke chini kwanza, mdogo wangu. Keti. Sogea, sauti ni ndogo. Uliniuliza nani... mwaka ule. Nikasema watu.

Ni mimi.