Wimbo wa Saba Haumo

NYUZI: Haloo? Nani mwenzangu?

MJOMBA: Mwenzako! Namba ya mjomba wako umeshaifuta?

NYUZI: Siioni, Mjomba. Niko juu ya ngazi, mkono mmoja simu, mkono mmoja brashi. Shikamoo.

MJOMBA: Marahaba, mpwa wangu. Ngazi ya wapi tena?

NYUZI: Ukutani kwa duka la dawa, nawachorea bango. Kipindi kimeisha? Wasikilizaji wamesemaje?

MJOMBA: Kwanza afya—

NYUZI: Afya nzima! Wamesemaje kuhusu albamu?

MJOMBA: Ngoja nikae—

NYUZI: Kaa basi, Mjomba, kaa upesi!

MJOMBA: Nimekaa. Sasa sikia. Redio zangu zote sita nimezifungulia kituo kimoja. Fundi redio hastaafu, mwanangu. Nimewahi kutengeneza moja ikaanza kusoma taarifa ya habari ya kesho—

NYUZI: Mjomba, hiyo naijua. Albamu!

MJOMBA: Haya. Wa kwanza mwalimu wa hesabu. Anasema gitaa lako la wimbo wa kwanza limemfanya asahihishe madaftari kwa mdundo, darasa zima limefaulu.

NYUZI: Huyo umemtia chumvi.

MJOMBA: Kidogo. Wa pili mama mmoja muuza nguo. Kasema hayo ni makelele, na Mungu si kiziwi.

NYUZI: [anaguna] Huyo ni wa kweli.

MJOMBA: Huyo wa kweli. Akasema vijana wa bendi ya Kijiti Chawaka wanampigia Bwana ngoma kama wanafukuza mwizi.

NYUZI: Basi, basi. Wa tatu?

MJOMBA: Dereva wa lori! Kaegesha pembeni ya barabara, akalia mpaka akatamani lori lingekuwa na waipa za ndani. Akafuata bibi wa miaka tisini, kautupa mkongojo—

NYUZI: Mjomba.

MJOMBA: —kautupa mbali, ukavunja sufuria—

NYUZI: Mjomba. Huyo bibi alikuwa na sauti gani?

MJOMBA: Sauti ya bibi.

NYUZI: Ile nyembamba unayoitoa ukimwigiza jirani?

MJOMBA: [anagonga redio]

NYUZI: Haloo?

MJOMBA: Mtandao huu...

NYUZI: Mtandao uko sawa! Umepiga simu redioni mara ngapi?

MJOMBA: Tatu tu.

NYUZI: Tatu!

MJOMBA: Dereva, bibi, na askofu.

NYUZI: Askofu? Mjomba, as-ko-fu?

MJOMBA: Mstaafu! Na jimbo sikulitaja. Mama muuza nguo ameshawapaka matope, ningekaa kimya?

NYUZI: Rangi imenimwagikia kwenye kiatu. Wamekugundua?

MJOMBA: Sauti hawakuigundua hata kidogo. Tatizo ni kwamba wote watatu tulisifu wimbo mmoja. Ule wa saba. Wa marehemu baba yako.

NYUZI: Huo haumo, Mjomba.

MJOMBA: Sasa ndiyo najua haumo! Kwenye flashi uliyonipa umo, naupiga kila asubuhi!

NYUZI: Ile ni ya mazoezi! Nilikupa kabla hatujautoa!

MJOMBA: Mtangazaji ananiuliza, "Baba Askofu, mbona mimi hapa nyimbo ni sita?" Nikamwambia, mwanangu, hesabu kwa imani.

NYUZI: Yesu wangu.

MJOMBA: Akazisoma sita zote, moja moja, hewani. Simu zikamiminika. Bendi inajipigia debe! Bendi ina wasikilizaji wa bandia! Mwalimu wa hesabu naye akapiga tena, akafuta maneno yake.

NYUZI: Tumekwisha. Jumapili tunazindua mbele ya viti vitupu.

MJOMBA: Usiseme hivyo—

NYUZI: [honi, mlio wa pikipiki] Subiri, hapa kelele... Mjomba, na hapo nyumbani... mama alikuwepo?

MJOMBA: Alikuwepo ndani.

NYUZI: Alisikia?

MJOMBA: Redio sita, mpwa wangu. Hata mfu angesikia.

NYUZI: Mwezi wa pili huu hajanisemesha. Alisema nimemfunga marehemu mume wake kwenye spika, nikampigia kelele kichwani. Alisema Jumapili hakanyagi. Mimi nikautoa wimbo, nikadhani labda... Wenzangu nusura wanipige. Nikautoa.

MJOMBA: Ulimwambia kwamba umeutoa?

NYUZI: Ningemwambia vipi? Hapokei simu.

MJOMBA: Sasa nyamaza unisikilize. Wakati mnapigwa mawe hivyo, kapiga mama mwingine. Kasema huo wimbo upo. Aliutunga mume wake jikoni, kwa penseli, nyuma ya kalenda, akiwa na homa. Halafu akauimba.

NYUZI: Akauimba?

MJOMBA: Ubeti wa kwanza wote. Mtangazaji akasahau kazi yake, kukawa kimya mpaka nikaanza kuzigonga redio.

NYUZI: Mjomba, hiki nacho umekitia chumvi. Niapie.

MJOMBA: Wallahi—naapa kwa chochote unachotaka. Akasema, "Asubuhi nimeinunua hii albamu dukani, nimeisikiliza mara mbili kuutafuta. Anayejua kwa nini wameutoa aniambie." Akakata.

NYUZI: [brashi inaanguka]

MJOMBA: Upo?

NYUZI: Alipiga kutoka wapi?

MJOMBA: Chumba cha pili. Nilimsikia kwanza ukutani, halafu redioni. Redioni alichelewa kidogo.

NYUZI: Sasa hivi yuko wapi?

MJOMBA: Mlangoni kwangu. Amesimama hapo tangu alipokata simu. Dada, njoo basi uongee na mwanao... Hataki. Anasema nikuulize mimi, kwa nini mliutoa.

NYUZI: Mwambie—

MJOMBA: Mwambie mwenyewe. Shika, dada. Shika, salio linakwenda!

[simu inakwaruza]

MAMA: Umekula?

NYUZI: Mama. Shikamoo.

MAMA: Marahaba. Nimekuuliza umekula.

NYUZI: Bado. Nitakula. Mama, wimbo nimeutoa kwa sababu ulise—

MAMA: Ubeti wa pili unaingia mapema.

NYUZI: Eh?

MAMA: Kwenye hiyo flashi ya mjomba wako. Kila asubuhi nakusikia, kila asubuhi unaingia mapema. Baba yako pale aliacha nafasi ya kuvuta pumzi. Wewe umeijaza gitaa.

NYUZI: Kila asubuhi? Hukumwambia apunguze sauti?

MAMA: Nilikuwa na kazi.

MJOMBA: Alikuwa anafagia palepale ukutani, nusu saa, sehemu moja!

MAMA: Kaka, hebu.

NYUZI: Mama, Jumapili tunaweza kuurudisha. Kama utaku—

MAMA: Sijasema nakuja.

NYUZI: Hujasema.

MAMA: Nimesema unaingia mapema. Imba nisikie.

NYUZI: Hapa? Mama, niko juu ya ngazi, chini kuna foleni ya wagonjwa!

MAMA: Si ndio watu mnaotaka wawasikilize? Ubeti wa pili.

MJOMBA: Dada, salio linaisha, simu imelia tayari!

NYUZI: [anakohoa] Taa ikizimika nyumbani mwangu—

MAMA: Mapema. Tena.

NYUZI: Taa iki—

MAMA: Pumzi! Unakimbilia wapi? Mlango haufungwi. Tena.

NYUZI: [anavuta pumzi] Taa ikizimika nyumbani mwangu, Bwana...

MAMA: Hapo.

NYUZI: ...mkono wako naupapasa...

MAMA: Endelea, usiniangalie mimi.

NYUZI: Nitakuangalia vipi kwenye si— 

MAMA: Endelea!

NYUZI: ...naupapasa, naupata...

MAMA: [kwa sauti ya pili, chini kidogo] ...naupata, naupata, u—

[simu inakatika]