Laini Nyuma ya Picha

GATWIRI: Haloo, Gatwiri Dizaini, Embu hapa. Naongea na nani?

MURIUKI: Ni mimi ankoo yako. Muriuki wa Githongo.

GATWIRI: Ankoo! Na hii si namba yako.

MURIUKI: Ni ya jirani, Kithaka, yangu imezima. Habari ya huko?

GATWIRI: Kuzuri, baridi tu. Anti Veronicah ako sawa?

MURIUKI: Ako sawa, namuona kutoka hapa. Gatwiri, nilitaka kukuuliza kitu.

GATWIRI: Uliza. Na si leo ndio mnachagua dairekta wa kiwanda cha kahawa?

MURIUKI: Ni leo. Ndio hiyo naulizia. Ile picha yangu ulinitumia kwa pasel—

GATWIRI: Ilifika? Uliionaje?

MURIUKI: Ilifika. Ni ya nani?

GATWIRI: Ni ya nani aje?

MURIUKI: Nauliza jina lake. Nataka kumjua, kwa sababu ako pale mbele amesimamishwa mahali pangu.

GATWIRI: [Anacheka.] Ankoo, wacha mchezo. Si ni wewe.

MURIUKI: Sichezi. Sisi wagombea tumekalishwa huku nyuma, kwa meza za kuanika kahawa. Ni sheria ya sosaiti, huu ushirika wetu wa kahawa, mgombea asikae karibu na watu, wasije wakamwogopa. Pale mbele makarani wameshika picha nne. Mtu anapanga laini nyuma ya picha anayotaka. Hakuna jina, hakuna maandishi, ni picha tupu.

GATWIRI: Najua. Uliniambia.

MURIUKI: Ulijua, na bado ukatuma mtu mwingine.

GATWIRI: Ankoo, nilitumia ile picha yako ya kando ya mashine ya kutoa maganda. Ile uko na kofia ya sufu.

MURIUKI: Na kofia imeenda wapi?

GATWIRI: Niliitoa. Unajua hii program yangu ilipata apdeti juzi, siku hizi sihangaiki. Nazungushia kitu mstari, naiambia toa, inatoa. Halafu pale pamebaki wazi inajaza yenyewe.

MURIUKI: Ikajaza nywele.

GATWIRI: Eeh, kidogo—

MURIUKI: Si kidogo. Ni nywele za kuchanwa. Mimi nilimaliza nywele nikiwa na miaka thelathini na mbili, hata mama yako anajua.

GATWIRI: Sasa program ingejuaje? Iliona kofia, ikafikiri chini yake kuna nywele.

MURIUKI: Na jicho?

GATWIRI: Jicho liko aje?

MURIUKI: Yako mawili. Yote yamefunguka.

GATWIRI: Hiyo ni kitu mpya pia. Inafungua macho ya mtu akipigwa picha akiwa amepepesa.

MURIUKI: Sikuwa nimepepesa, Gatwiri. Hilo jicho lilichapwa na tawi la kahawa miaka ishirini imepita. Hapa Githongo watoto wakiigiza mimi wanafunga la kushoto tu, na kila mtu anajua ni nani.

GATWIRI: Pole, Ankoo.

MURIUKI: Na tumbo?

GATWIRI: Hiyo sasa... hiyo niliandika tu maneno. Siku hizi unaandika maneno na inafanya.

MURIUKI: Uliandika aje?

GATWIRI: Niliandika, "Mfanye akae kama kiongozi."

MURIUKI: Ikaleta tumbo.

GATWIRI: Ilileta suti kwanza. Tumbo ilikuja na suti.

MURIUKI: Mm.

GATWIRI: Lakini Ankoo, si ungeangalia mapema? Ningekutumia kwa WhatsApp, ni vile simu yako ni ya mabonyezo—

MURIUKI: Bahasha ilikuja imefungwa, na karani alitaka imefungwa. Nikapeleka vile ilikuwa. Nilikuamini.

GATWIRI: Na watu wanasema nini?

MURIUKI: Wanasema nimejitoa. Kithaka ametoka huko saa hii, ndio amenipa simu. Watu wangu wananitafuta kwa picha zote nne, hawanioni. Sasa kuna wale wanasema nimenunuliwa na Mwiti.

GATWIRI: Wewe? Ununuliwe?

MURIUKI: Mimi niliyekataa hata chai yake. Hiyo imeniuma, sitakudanganya. Mwiti amekaa kwa hicho kiti miaka tisa. Ukipeleka cheri, kahawa mbichi ya kutoka shambani, kilo ishirini, mizani inasoma kumi na nane, na hakuna mtu anafungua mdomo. Hii ni mara ya tatu nagombea kwa sababu ya hiyo mizani. Mara mbili zote nilipata watu kumi na mmoja.

GATWIRI: Basi enda uambie afisa wa ushirika kuna makosa. Mimi naprinti ile ya zamani saa hii, natuma—

MURIUKI: Geti limefungwa. Na nikisema picha si yangu, inatolewa. Wale wengine wawili wamesimamishwa na Mwiti mwenyewe, wagawe kura. Atapita akiwa amekaa chini.

GATWIRI: Na ukinyamaza?

MURIUKI: [Netwaki inakwaruza.] ...nyamaza, watu wangu hawana pa kusimama.

GATWIRI: Umepotea kidogo. Saa hii laini ziko aje?

MURIUKI: Ya Mwiti imefika kwa tangi la maji. Hii yangu, ya huyu jamaa, iko na... ngoja. Ngoja kidogo.

GATWIRI: Nini?

MURIUKI: Kuna watu wanahama.

GATWIRI: Wanahamia wapi?

MURIUKI: Kwake. Kwa huyu wa suti. Kithaka, hebu uliza ni nini. [Sauti za watu kwa mbali.] Kithaka anasema wamempatia jina. Wanamwita Profesa.

GATWIRI: Profesa?

MURIUKI: Ati ni mtu wa hapa aliyesomea ng'ambo. Ati ako na mzungu wa kununua kahawa moja kwa moja. Mzee mmoja anasema alisoma naye darasa la tano, alikuwa mkali wa hesabu.

GATWIRI: [Anajaribu kuzuia kicheko.] Ankoo, hiyo ni mzuri.

MURIUKI: Mzuri kwa nani?

GATWIRI: Kwako. Si hizo ni kura zako. Wewe nyamaza, ukae hapo kwa meza, usionekane.

MURIUKI: Miaka yote nimetembea nyumba kwa nyumba na hii sura. Nimekunywa uji kwa hao watu, nimewazikia. Wanaona mtu wa karatasi dakika kumi, wanakimbia.

GATWIRI: Ankoo, unataka kurekebisha mizani ama unataka kupendwa?

MURIUKI: [Anageuzageuza kahawa kwa meza.]

GATWIRI: Uko?

MURIUKI: Niko. Nilikuwa nataka vyote viwili.

GATWIRI: Anza na kimoja. Laini imefika wapi?

MURIUKI: Imepita tangi. Imezunguka stoo. Gatwiri, hii laini imeshinda ya Mwiti.

GATWIRI: Nilikuambia hii apdeti ni moto.

MURIUKI: Lakini simuoni Veronicah.

GATWIRI: Si ako kwa laini yako?

MURIUKI: Hayuko. Alipita mbele ya hiyo picha, akaiangalia vile mtu anaangalia gari ya wenyewe, akaenda. Kithaka pia ameniacha na simu, ameenda... ngoja. Nimewaona. Wako kwa mti wa avokado.

GATWIRI: Wanafanya nini hapo?

MURIUKI: Wamepanga laini.

GATWIRI: Nyuma ya picha gani?

MURIUKI: Hakuna picha. Ni pale picha yangu ilikuwa inasimamishwa zile mara mbili. Veronicah ndiye wa kwanza, Kithaka ndiye wa mwisho. Ni kumi na mmoja.

GATWIRI: Hizo kura zimeharibika, Ankoo. Hazihesabiwi.

MURIUKI: Karani amewaambia. Wamekataa kutoka.

GATWIRI: Na unaona aje?

MURIUKI: Naona vizuri. Hata na hili jicho. [Anakohoa.] Subiri, afisa ameshika spika.

GATWIRI: Anasema nini?

MURIUKI: Mwiti, mia moja tisini na moja. Picha ya tatu... mia mbili na sita.

GATWIRI: Picha ya tatu ni yako?

MURIUKI: Ni ya Profesa.

GATWIRI: Ankoo, umeshinda. Umeshinda—

MURIUKI: Anaitisha mwenye picha aende mbele atie sahihi.

GATWIRI: Enda. Enda haraka, usiongee mingi.

MURIUKI: Niende na kofia ama niitoe?

GATWIRI: Toa.

MURIUKI: Kuna upara.

GATWIRI: Basi vaa.

MURIUKI: Yeye hana kofia.

GATWIRI: Ankoo, enda tu. Na usikate simu, nataka kusikia.

MURIUKI: Nimekuweka kwa mfuko wa shati. [Hatua. Watu wanazungumza, halafu sauti zinapungua.]

GATWIRI: Ankoo? ... Ankoo, kumenyamaza sana. Uko?

MURIUKI: [Kwa sauti ya chini.] Niko. Nimesimama kando ya picha.

GATWIRI: Na?

MURIUKI: Wanaangalia picha, wananiangalia. Mama mmoja ameuliza kama mimi ndiye dereva wake.

GATWIRI: Onyesha kitambulisho.

MURIUKI: Nimeonyesha. Afisa anasema kitambulisho ni changu, hana shida nacho. Picha ndio hajui ni ya nani. Sheria inasema picha iwe ya mgombea. Anataka mtu anayenifahamu athibitishe kwamba huyo ni mimi.

GATWIRI: Si hao ni wengi.

MURIUKI: Ameuliza nani anamfahamu Muriuki vizuri. Walioinua mkono ni wale kumi na mmoja.

GATWIRI: Sawa. Waseme ndio, iishe.

MURIUKI: Amemwita Veronicah.

GATWIRI: Hapo tumemaliza. Anti atasema ndio. Si ni bwana yake anakaribia kukosa kiti. [Mtu anaongea mbali, halafu kicheko cha watu wengi.] Ankoo? Ni nini wanacheka? Amesema nini?

MURIUKI: Ngoja nitoke hapa kidogo.

GATWIRI: Amesema nini, Ankoo?

MURIUKI: Amesema, "Huyu amesimama ni bwana yangu, mwaka wa thelathini huu. Huyo wa karatasi sijui ni bwana ya nani."

GATWIRI: Hapana.

MURIUKI: Ndio hivyo.

GATWIRI: Sasa Anti naye. Hukumkonyeza?

MURIUKI: Ningemkonyeza na jicho gani?

GATWIRI: Na hao wengine?

MURIUKI: Wameulizwa mmoja mmoja. Kithaka alijaribu kunisaidia, akasema masikio yanakaribiana. Halafu akaniangalia, akasema hapana, hata masikio si yangu.

GATWIRI: Na afisa?

MURIUKI: Amefuta kura za picha ya tatu, zote mia mbili na sita. Mwiti amepita. Saa hii anawashukuru kwa kumuamini.

GATWIRI: Ankoo, hii ni makosa yangu. Ningekuacha tu na kofia yako.

MURIUKI: Ungeniacha na kofia ningepata kumi na mmoja. Ningeanguka tu.

GATWIRI: Lakini ungeanguka ukiwa wewe.

MURIUKI: Hata leo nimeanguka nikiwa mimi. Aliyeshinda ni yule mwingine.

GATWIRI: Umemkasirikia Anti?

MURIUKI: Nilikasirika. Nimetoka pale bila kumuangalia. Halafu nikakumbuka ni mimi nimezunguka miaka yote nikiwaambia hawa watu wasikubali kitu kimesomwa vibaya, hata kama kinawapendelea. Wengine hawakusikia. Yeye alisikia, kwa bahati mbaya.

GATWIRI: Na mizani?

MURIUKI: Jumatatu napeleka cheri. Kilo ishirini zitasoma kumi na nane. Hiyo ndiyo inauma, Gatwiri. Mambo ya sura nitazoea.

GATWIRI: Pole sana, Ankoo. Kweli kabisa.

MURIUKI: Ni sawa. Veronicah amekuja hapa. Ameikunja hiyo picha, ameiweka kwapani. Anauliza kama huyu Profesa anaweza kuja kutusaidia kuchuma kahawa, maana anaonekana hajachoka.

GATWIRI: [Anacheka.] Mwambie namsalimia.

MURIUKI: Amesikia. Sasa wacha nimrudishie Kithaka simu, kredo ya simu yake inaisha. Lakini kuna kitu kingine.

GATWIRI: Sema.

MURIUKI: Mwiti amekuja kunisalimia. Amesema hiyo picha ilimtoa jasho mpaka kwa viatu. Sasa anataka kujua nani aliitengeneza. Anataka kusimama udiwani, anataka mabango ya wadi nzima. Ako hapa kando yangu na kalamu.

GATWIRI: Mwiti mwenyewe?

MURIUKI: Mwenyewe. Anauliza namba yako. Nimpe?

GATWIRI: [Kimya.]

MURIUKI: Gatwiri? Mtu anangoja. Nimpe ama nisimpe?

GATWIRI: Ankoo... naona hapa netwaki imeanza kukatakata—

MURIUKI: Mimi nakusikia vizuri.