Bustani Iliyokaa Eda

Kabla sijasema lolote, nyoosheni mikono wale mnaojua kwamba bustani ya mboga hukaa eda.

Hakuna? Hata mmoja? Basi mwaka ule nilikuwa peke yangu Tanzania nzima.

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na nyie mliokuja kwa ajili ya chai na maandazi, habari za jioni. Ndugu zangu, mie niliamini, kwa moyo wangu wote na cheti changu cha masomo ya jioni juu yake, kwamba mwanamke mwenye bustani akifariki, bustani yake inakaa eda. Miezi minne na siku kumi, kama mjane. Haimwagiliwi, haipaliliwi, haichumwi, geti linafungwa. Ukivunja sharti, kila kitakachoota pale kitakuwa kichungu kuanzia mzizi, hata kama ni tikiti maji. Mama pale nyuma, cheka tu, sikukatazi. Nitafika mahali utanyamaza mwenyewe.

Nimefurahi tumepewa darasa hili kwa mkutano wetu wa kufarijiana. Dawati lile la dirishani lilikuwa langu. Mchana napaka rangi nyumba za watu, jioni nakaa pale na rangi kwenye nywele, nasinzia mpaka mwalimu anadhani nasujudu. Aliyenileta hapa ni mke wangu. Siku ya kwanza nilikataa, nikamwambia nani atamwagilia jioni? Akasema, "Nenda, Profesa. Mie nitamwagilia zamu yako na yangu." Akanisukuma nje kama anayefukuza kuku jikoni. Nikahitimu. Cheti kina jina langu, lakini maji yote yaliyokilea aliyachota yeye.

Bustani yenyewe iko Mbezi Beach, kwenye kiwanja cha mama mmoja wa Kihindi, familia ya wafanyabiashara, ambacho hawajakijenga. Mama yule alimpa mke wangu alime kwa sharti moja: kisigeuke pori. Na mke wangu, kwa adabu yake, akawa anampandia uwatu na giligilani pembeni, anampelekea mlangoni. Sisi wengine ilikuwa mchicha, matembele, chainizi, bamia na nyanya chungu. Nawaambia, nyanya chungu zake zilikuwa kubwa mpaka watu wakizipita wanazisalimia. Mchicha wake ukiuchuma asubuhi, jioni umeshakufikia kiunoni unakuuliza ulikuwa wapi.

Alikuwa na mtindo wake mmoja, nitaomba mshike, maana ndio ulioniokoa. Kwenye kila tuta la mchicha alikuwa anauacha mche mmoja bila kuuchuma, anaufunga kipande cha kanga shingoni. "Huyu ni mama yao," anasema. "Asiguswe, mpaka azae mbegu." Ukiingia bustanini unakuta wale kina mama wamesimama na vitambaa vyao, kama wako harusini.

Sasa nafika kwenye kuanguka kwangu.

Ilikuwa kiangazi. Alipanda bamia, tuta moja refu kando ya kisima, kwa ajili ya binti yetu anayependa bamia kuliko anavyonipenda mie. Zikaota vizuri, zikawa na majani manne manne. Siku moja akarudi kutoka kumwagilia, akasema kichwa kinamuuma, akaomba maji. Presha. Tulimfikisha hospitali anaongea, anamwagiza binti yetu asisahau kufunga geti, mbuzi wa jirani wana tabia mbaya. Hakurudi.

Sitaieleza siku ile. Nimejaribu mara mbili mbele ya kioo nikashindwa.

Msibani kwetu sisi Wazaramo mnajua hatukosi watani. Mtani wetu ni mama wa Kinyamwezi, anauza vitenge Mbagala, rafiki wa marehemu wa miaka mingi. Jina nalihifadhi. Watu wanalia, yeye kajifunga kanga ya marehemu, kachukua keni ya kumwagilia, anapita kwenye mikeka anawanyunyizia waombolezaji vichwani. "Kueni! Kueni! Mbona hamkui? Nyie mbegu za wapi nyie?" Hata shehe aliuma shavu asicheke. Akaingia mpaka upande wa wanaume, maana mtani hana mlango wa kukatazwa. Mie nilikuwa nimekaa, sijala tangu kifo, sahani ya pilau iko mbele yangu imepoa.

Akachuchumaa. Akaninong'oneza, uso umekauka kabisa, "Mtani, pole. Na unajua bustani nayo inaingia eda leo?"

Nikamwangalia.

"Ndiyo. Wewe mwanamume eda hukai, dini haikukupa. Lakini bustani yake inamkalia. Isimwagiliwe, isichumwe, ufunge geti. Ukiivunja, mtakula uchungu mpaka wajukuu. Haya, kula tonge moja bustani isije ikakucheka."

Nikala. Matonge mawili. Kesho yake mtani akasafiri kwao kumuuguza mama yake, na mie nikaenda kununua kufuli.

Ndugu zangu, naomba mnielewe. Sikuwa mjinga kiasi hicho siku zote. Lakini mwanamke akifiwa na mume, ana eda. Anakaa ndani, anavaa nguo yake maalumu, watu wanaingia kwa adabu, wanajua huyu ana huzuni na huzuni yake ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mie mwanamume siku ya tatu waliamka wakaanua tanga. Mikeka ikakunjwa, masufuria yakarudi kwa wenyewe, mtu akanipiga bega akaniambia, "Jikaze, mzee. Kesho site." Kesho yake nikawa juu ya ngazi napaka ukuta wa mtu rangi ya maziwa, nakausha macho kwa brashi. Sasa mtu akiniambia kuna kitu kimoja duniani kimekaa kumlilia mke wangu kwa miezi minne na siku kumi, mie nitamkatalia?

Nikairudisha keni bustanini, nikafunga geti. Ufunguo nikauvaa shingoni. Nikawa nakata siku kwenye kalenda ya ukutani, na kila nikikata moja nahisi kama nimemfanyia kitu.

Binti yetu alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani. Wiki ya pili akanijia.

"Baba, bamia zinainama."

"Umeziona wapi?"

"Nimechungulia kwenye wavu."

"Usichungulie. Ziko eda."

Akanitazama kama nimeongea Kichina. "Baba, ustadhi alitufundisha eda ni ya mtu."

"Huyo ustadhi wako aliwahi kulima hata bilinganya?"

Hakuwahi kunijibu vibaya maisha yake yote, na siku ile pia hakunijibu. Alisema tu, "Zile ndizo za mwisho alizopanda Mama."

Na mie, mhitimu, Profesa, nikamjibu, "Ndiyo maana."

Mama wa nyuma, naona umenyamaza. Asante.

Jua la kiangazi mnalijua. Chainizi zilikwenda kwanza. Matembele yakashika ardhi, yakakataa kufa, kisha yakafa. Nyanya chungu zikawa kama kokoto. Bamia sikuziona zikifa, kwa sababu nilikuwa napita njia ya mbali nisizione. Lakini binti alikuwa anaziona. Kila jioni, saa ile ya kumwagilia, anatoka nyumbani bila kuaga, anarudi macho mekundu. Hatuongei. Tulikuwa tunakula ugali na dagaa, watu wa mboga sisi, tunanunua mchicha genge la jirani, na jirani anaona haya kutuuzia.

Majani ya porini, yale hayakuambiwa habari za eda. Yakapanda mpaka juu ya wavu. Mvua za kwanza za vuli zikanyesha, yakanenepa zaidi. Ndipo mama mwenye kiwanja akaja nyumbani kwetu kwa miguu yake, na umri wake ule, msichana wake wa kazi kambebea hotipoti ya chakula.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Pole tena, baba. Nilimpenda mke wako, unajua. Uwatu wake mpaka leo nautamani." Akakaa, akapumua. "Lakini jana ametoka nyoka kwenye kiwanja kaingia kwa jirani yangu. Mimi nafahamu una msiba. Nyoka hafahamu."

Nikamwambia, kwa heshima zote, bado siku chache tu. Sikumwambia siku chache za nini. Mama wa Kihindi, mswalihina, ningeanzaje kumweleza?

"Kuna kijana wa kufyatua matofali anakitaka," akasema. "Mwisho wa mwezi nitampa. Unisamehe. Nami nina majirani."

Mwisho wa mwezi ulikuwa unafika kabla ya eda kwisha! Hapo mkae mniangalie vizuri, muone mtu alivyopasuka katikati. Nikiingia kulima, namvunjia mke wangu eda. Nisipoingia, udongo alioulainisha kwa mikono yake unageuka tofali, linakwenda kujenga choo cha mtu Goba. Nikakaa. Sikulima, sikuongea, nikakonda mpaka mkanda ukanizunguka mara mbili. Na siku ilipofika nikachagua eda. Nikamwambia binti, twende tukatoe vifaa vya mama yako, tukabidhi ufunguo.

Kijana wa matofali alishafika, mchanga uko kwenye kigari cha Kirikuu, injini inanguruma. Mama mwenye kiwanja amesimama na mwavuli. Nikafungua kufuli, limeshika kutu. Nikapiga bismillahi, nikaingia kwa ncha za vidole, huku nayapasua majani kwa panga kuitafuta keni yake. Nikafika yalipokuwa matuta ya mchicha, nikayafunua majani kwa mkono.

Ndugu zangu.

Mchicha. Udongo wote umejaa mchicha mchanga, mdogo kama ukucha wa mtoto, mwekundu chini ya jani, mwingi hauhesabiki, umejimwaga bila mstari, umeota mpaka kwenye njia, mpaka ndani ya kandambili yake moja iliyosahaulika. Na katikati wamesimama wale kina mama, wamekauka, wamekufa siku nyingi, vichwa vimeinama, vipande vya kanga bado viko shingoni. Walizaa mbegu, wakazimwaga, wakasubiri mvua. Hawakunisubiri mie.

Nikapiga kelele, "Imetoka eda! Imetoka yenyewe!" Nikaanguka magoti. Kilio nilichokibana tangu wakunje mikeka kikatoka chote, mwanamume mzima, nalia mbele ya dereva wa Kirikuu. Wanasema nilisikika mpaka Kawe. Mie nasema mpaka Zanzibar.

Mama mwenye kiwanja akasogea, akatazama. "Mchicha mdogo hivi ndio umekuliza hivyo?"

"Ni wake, Mama."

Akamgeukia kijana wa matofali. "Peleka mchanga wako kwingine."

"Mama, nimeshakodi gari!"

"Gari nitalilipa mimi. Nenda."

Nikasikia maji. Binti yetu alikuwa ameipata keni kabla yangu, amechota kisimani, anamwagilia. Alipofika kwenye tuta la bamia, palipobaki vijiti vikavu tu, alivimwagilia navyo. Taratibu, kimoja kimoja. Nilitamani ardhi inimeze pale pale.

Tulipalilia wiki nzima. Leo nikiwaambia matuta yamerudi yote, mjue nimepunguza chumvi: yamerudi na wageni. Uwatu wa Mama uko pembeni. Kijana wa matofali ni mteja wetu, anachukua mafungu mawili kila jioni na bado ananinunia. Bamia tumepanda nyingine. Binti anazila, anasema nzuri. Lakini hasemi ni zile, na mie simuulizi.

Namshukuru mama mwenye kiwanja, aliyekasirika kwa haki na akasamehe bila kuombwa. Namshukuru binti yangu, yule pale anajifanya anasoma simu. Mwanangu, ulijua kabla yangu, na hukunidharau. Nakushukuru mbele za watu, kwa sababu nyumbani ninashindwa. Nawashukuru na nyie wa kikundi hiki, mlionikalisha kwenye dawati langu la zamani mkaniacha niongee jioni nzima mambo yangu.

Funzo langu ni dogo. Mwanamume akifiwa na mkewe, siku mnayoanua tanga msikunje mikeka yote. Muachieni mmoja, na mtu mmoja wa kukaa naye. Asipopata pa kuweka huzuni yake, ataiweka popote, na itakapowekwa patakauka.

Sasa nimalizie, chai inapoa. Mwezi uliopita mtani wetu amerudi kutoka kwao. Akaja bustanini moja kwa moja, mikono kiunoni, "Mtani! Bado hujaoa? Au wanawake wote wameiona miguu yako wakakimbia?" Nikamchumia mchicha fungu kubwa kama godoro. Nikamwambia, mtani, nakushukuru sana kwa yale mafundisho. Nililinda eda ya bustani, sikumwagilia hata tone, tumeimaliza salama.

Akacheka mpaka akashika wavu. Kisha akaona uso wangu. Akamtazama binti yangu, na binti akatazama chini.

Akaweka mchicha. Akageuza ndoo, akaikalia, akanishika mkono, na mtu yule ambaye sijawahi kumsikia akiongea bila mzaha akasema:

"Mtani, bustani haina eda. Nilikutania ili ule chakula. Zile mboga zilikufa kwa kiu."