Kioo Kilichoshuka Tiira

Kisa hiki alinisimulia kwanza shangazi yangu Apendi, mwezi wa Mei 2024, tulipokuwa tukichambua maharagwe nyumbani Kiyeyi. Alikuwa anauza kahawa Busia, upande wa Uganda, kwenye benchi linalotazamana na foleni ya malori ya mpakani. Wenye benchi walikuwa wawili. Obbo, mpokeaji wa vifurushi vya basi, aliitwa Daktari kwa ajili ya koti lake jeupe. Chrispinus, fundi wa simu kutoka upande wa Kenya, aliitwa Wakili kwa kuwa hajawahi kukubali kushindwa kwa maneno. Kifurushi cha Babra, mwalimu wa Tororo, kilipofika, Obbo alikifungua ahakikishe hakijavunjika. Ndani mlikuwa na kioo cha mviringo, cha kutosha kiganjani, kinachong'aa pande zote. Kilizunguka benchi zima. Engole, mchimba dhahabu wa Tiira, akakiazima. Asubuhi iliyofuata mkewe, Atai, alishuka kwenye pikipiki hapo kijiweni, matope hadi magotini.

— Engole ameingia ile shimo ya zamani, alisema. Ile waliacha wakati ukuta ilipasuka.

— Na mvua ya jana? Apendi aliuliza.

— Na mvua. Anasema kioo imemwonyesha dhahabu kwa ufa. Sasa nyinyi ndio mlimpa. Mpigieni simu, mwambieni mlikuwa mnacheza tu.

Obbo aliweka kikombe chini taratibu.

— Kwanza, imemwonyesha rangi gani?

— Daktari, mimi nasema bwana yangu iko shimoni, wewe unauliza rangi.

— Rangi ndiyo dawa, mama. Ukitazama sawasawa, unaona giza ya kijani. Ukiinamisha hivi, kila kitu inakuja rangi ya chungwa. Niliona mwenyewe. Dhahabu iko na joto yake, na joto ndiyo hiyo chungwa.

— Wacha joto, Chrispinus alisema. Atai, sikiza. Hiyo ni kioo ya ndege. Watu wa madini hupita huko juu nayo, wanaona dhahabu vile wewe unaona mahindi shambani.

— Kama ni ya ndege, mbona ilikuja na basi? Apendi aliuliza.

— Ndio isijulikane, Mama Kahawa. Kitu ya maana haipitii airport.

— Mpigieni, Atai alisema.

— Tutapiga, Chrispinus alisema. Lakini hatukuwa tunacheza, hiyo siwezi kusema. Tena jamaa ni mjanja, amengoja mvua. Dhahabu ikinyeshewa inapumua.

— Inapumua?

— Hata udongo hupumua. Sasa dhahabu ishindwe?

— Wakili, ukuta pia imengoja mvua, Apendi alisema.

Atai akatoa simu yake mwenyewe, akampigia Ekaju, mdogo wa Engole, aliyekuwa juu, mdomoni mwa shimo, akiangalia kamba ya kushukia. Simu haikuingia. Pale mpakani simu hurukia mtandao wa Kenya bila kuomba ruhusa. Chrispinus akaichukua, akaanza kuibonyezabonyeza, safari hii bila maneno.

Ndipo Mwalimu Babra alipofika, naye kwa pikipiki.

— Habari zenu. Daktari, nimefuata kifurushi changu.

Obbo akafunga kifungo cha koti.

— Imetoka kidogo, Mwalimu.

— Imetoka kwenda wapi?

— Ni yako? Atai alimkatiza. Basi sema. Inaona dhahabu?

Babra aliwatazama mmoja mmoja.

— Dhahabu? Hapana, dada. Ni kichujio. Nakifunga kwenye darubini nikipiga picha za mawingu ya gesi yaliyo kati ya nyota. Kinapitisha rangi mbili tu za gesi hizo, nyekundu na kijani cha samawati. Mwanga mwingine, hata wa taa za mjini, kinauzuia.

— Na chungwa? Obbo aliuliza kwa sauti ndogo. Ukiinamisha?

— Mwanga ukiingia kwa ubavu, rangi zinazopita zinahama. Darubini yangu ni fupi na mdomo wake ni mpana, mwanga unaingia kwa ubavu, ndiyo maana niliagiza kilichotengenezewa darubini ya namna hiyo. Lakini ukikiinamisha sana, hata hiki kinahama. Utaona chungwa ukutani, kwenye kikombe, kwenye kiganja chako.

— Imeingia, Chrispinus alisema, akaweka spika.

— Ekaju, Atai alisema. Yuko wapi?

— Chini. Anajaza ndoo.

— Kioo iko wapi?

— Niko nayo. Amenipa isivunjike.

Babra akainamia simu.

— Ekaju, mimi ndiye mwenye hicho kioo. Tazama kiganja chako kwa hicho kioo. Umeona? Sasa kiinamishe.

Walisikia upepo wa Tiira ndani ya simu.

— Ni ile rangi, Ekaju alisema. Ni ile ile.

— Una dhahabu mkononi?

— Sina, Mwalimu.

Wakamsikia akiita kwa Kiteso, na sauti ikijibu kutoka mbali, ya hasira.

— Amekataa. Anasema mwenye kioo amekuja kumfukuza ili achimbe yeye.

— Mwambie ni mimi nasema, Atai alisema.

— Nimemwambia. Haamini mtu. Ataamini jicho lake. Nampelekea kioo aone mkono yake mwenyewe.

— Ekaju, usishuke.

— Kamba nimefunga kwa kisiki. Ni kidogo tu, mulamu, shemeji yangu.

Simu ikarukia ng'ambo, ikakatika. Chrispinus alipiga tena na tena. Atai hakungoja, alipanda pikipiki iliyomleta Babra, ikaondoka ikipenya katikati ya malori.

Babra alibaki amesimama.

— Nani alimwambia Engole kwamba hiki ni kioo cha dhahabu?

Obbo alimtazama Chrispinus. Chrispinus alitazama malori. Apendi aliinamisha chupa juu ya kikombe ambacho hakuna aliyekiomba, yakatoka machicha.

Shangazi Apendi yu hai. Obbo na Chrispinus wako hai, ila hawakai tena benchi moja. Mwalimu Babra yu hai. Kioo hajakiulizia tena. Atai yu hai. Engole yu hai: alitazama kiganja chake, akakubali, na kwa kuwa kamba ilikuwa moja, akapanda kwanza. Ekaju, aliyebaki chini akiingoja kamba ukuta ulipoporomoka, hayupo.