Pedeli Mpya ya Lori la Marehemu

Tangu siku mumewe alipozikwa, lori lake kuukuu halikutoka uani mpaka jana, lilipovutwa hadi gereji. Sasa mjane alikuwa ndani ya basi, nyuma ya fundi wake, aliyeipakata pedeli mpya ya mafuta kama mtoto wa kwanza.

Jirani wa fundi kitini, mzee aliyejitambulisha kuwa dereva mstaafu, aliichungulia. "Matundu yote hayo ya nini, mwanangu? Ya kuchujia chai?" "Ni ya magari ya mashindano, mzee. Lori litaruka!" "Lenyewe lina umri gani?" "Rika lako, mzee." "Basi likiruka litatua vipande vipande. Ya zamani ina kosa gani?" "Imelika upande. Marehemu aliikanyaga kombo miaka thelathini."

Mjane aligeukia dirishani. Viatu vyote vya mumewe viliisha upande huohuo.

"Na hii umeipimia mguu wa nani?" mzee aliuliza. Fundi akainua wake kwa fahari, namba arobaini na nne. "Kwani utaendesha wewe?" "Hapana, ila dereva ni dereva tu, mzee. Atakuwa mwanamume mwenye mguu kama huu." "Umemuuliza mwenye lori?" "Mambo ya pedeli nimuulize mama wa watu?"

Mjane aliibana mkobani leseni yake ya udereva, aliyoipata wiki mbili zilizopita.

Basi liliposimama mbele ya gereji, walikuwa bado wanabishana. Mjane alishuka wa kwanza, na viatu vyake namba thelathini na sita. Kesho saa moja asubuhi lori linakwenda kubeba matofali, na dereva ni yeye.