Papa Urbain Likunde na Vikombe Vilivyong'aa

Ndugu, jamaa, majirani wa Tshopo na nyinyi mliovuka mto tangu alfajiri, familia imemwomba Nephtali, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, naye atayasoma kama marehemu mwenyewe alivyotaka yasomwe, bila kuficha.

Urbain Likunde Bolamba alizaliwa Yangambi tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa pili wa Papa Bolamba, aliyetunza miche ya kahawa kwenye kituo cha utafiti, na Mama Laurette, aliyefinyanga vyungu vya kupikia na kuviuza gatini siku za mashua. Alisoma shule ya msingi palepale Yangambi kuanzia mwaka wa 1967 hadi 1973, kisha akapanda mashua kuja Kisangani kwa masomo ya sekondari, akapata diploma ya serikali mwaka wa 1980, na wenzake wa darasa waliokuwa wakitafuta ofisi walimcheka aliporudi kwenye udongo, kwani kwao hiyo ilikuwa kazi ya wanawake.

Kuanzia mwaka wa 1981 alifanya kazi katika karakana ya matofali na vigae ya misheni moja huko ng'ambo, Lubunga, ambako frère mmoja mzee, mtawa wa misheni, alimfundisha kutumia gurudumu la mfinyanzi, na karakana ilipofungwa mwaka wa 1992 alibeba gurudumu lile kwa mtumbwi, akafungua karakana yake nyuma ya nyumba, hapahapa Tshopo. Tanuri lake la kwanza lilibomolewa katika vita vya siku sita, Juni 2000, akajenga la pili.

Tarehe 19 Agosti 1989 alifunga ndoa na Mama Philomène, ambaye tuko naye hapa, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Nicole, Héritier na Colette. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi, ndiyo maana kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa vyombo vya chai, birika ambalo mdomo wake haudondoshi tone juu ya meza, na kikombe ambacho mkono wa mzee unaotetemeka unaweza kukishika.

Mwaka wa 2006 Papa Rachidi, mtu wa Maniema mwenye nyumba ya chai kule Kabondo, alimwagiza vikombe na mabirika, lakini akasema wateja wake wanataka vitu vinavyong'aa kama vile vya kutoka China. Marehemu alitafuta, akafundishwa na fundi mmoja mpita njia jinsi ya kuyeyusha plomb, ile risasi ya betri kuukuu za magari, kuichoma mpaka iwe unga, kuuchanganya na mchanga na kuupaka juu ya udongo kabla ya kuchoma, na vikombe vilipotoka tanurini vilikuwa na rangi ya asali, unajiona uso ndani yake. Mji mzima ulivitaka. Vilikwenda Banalia, vilikwenda Yangambi, vilitolewa zawadi za arusi, na kwa miaka mitano jina la Papa Urbain lilikuwa ni vikombe vile.

Mwaka wa 2011 Nicole alikuwa mwanafunzi wa kemia, na siku moja alibeba kikombe cha nyumbani hadi maabara, akakijaza maji ya ndimu, akakiacha mpaka kesho yake, kisha akatia dawa ya kupimia plomb, na yale maji yakageuka manjano. Alimweleza mama yake kwanza, kwa hofu, halafu akasimama mbele ya baba yake akasema, "Papa, usikasirike, lakini hizi vikombe ziko na plomb, ni sumu, na ndimu inaitosha mu kikombe, inaiingiza mu chai, na watoto wanakunywa." Marehemu hakukasirika. Alikaa siku mbili bila kugusa udongo, siku ya tatu akavunja birika la nyumbani, lile ambalo Mama Philomène alilipenda, akaenda Kabondo kuomba arudishiwe vikombe vyake.

Papa Rachidi, ambaye ametupa ruhusa ya kusema haya, alimwambia, "Bon, Urbain ndugu yangu, chukua zote, lakini usiseme mbele ya watu, ao unataka wanifungie mulango?" Marehemu alivichukua, lakini alisema mbele ya watu, akiwa amesimama katikati ya meza, na nyumba ya chai ilikaa tupu karibu mwezi mzima. Hatumlaumu Papa Rachidi, kila mtu ana nyumba ya kulisha, na ni yeye aliyekuja baadaye na majina ya wateja wote aliowakumbuka.

Siku ileile Mama Berthe, jirani yetu hapa Tshopo ambaye mtoto wake alichelewa sana kusema, alisimama akamwuliza, "Alors, ni kikombe yako ndiyo ilifanya mutoto wangu vile?" Angeweza kukataa, hakuna ambaye angemshinda kwa ushahidi, lakini alijibu, "Mama, sijue. Inaweza kuwa ni mie." Tangu hapo hakupita mbele ya nyumba ya mama huyo bila kwenda kumsalimia mtoto, na Mama Berthe hakumfukuza wala hakumpa kiti, akawa anasimama tu mlangoni, mpaka mwaka wa 2019 alipokuta kiti kimewekwa.

Kwa daftari lake la tanuri alijua kwamba ametengeneza vyombo mia nne na kumi na viwili vya aina ile. Alitumia miaka miwili kutafuta namna nyingine, majivu ya michikichi na udongo mweupe, moto mkali zaidi, kuni nyingi zaidi, na vikombe vikatoka na rangi ya majani makavu, visivyong'aa, lakini Nicole alivipima akavipitisha. Kisha akaanza kutembea, kwa miguu, kwa pikipiki, kwa mashua, akitoa kipya na kuchukua cha zamani, na bibi mmoja wa Banalia alimwambia, "Papa Urbain, unachukua kizuri unatupatia kibaya, ndiyo bizinesi gani hii?" Marehemu akacheka pamoja naye, lakini hakuondoka bila kikombe kile cha zamani. Vyote vilivyorudi alivivunja na kuvifukia chini ya saruji.

Mwaka wa 2022 figo zake zilianza kuchoka. Madaktari walimwuliza kuhusu plomb ile aliyoichoma bila kufunika pua, wakasema inawezekana ndiyo iliyozidhuru, wakasema pia haiwezi kujulikana, nasi hatuongezi neno. Alilazwa mara nne, na Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa tisa mchana, alituacha, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, parokia, Papa Rachidi na wazee wa Kabondo, na wewe, Mama Berthe, uliyepika katika msiba huu tangu siku ya kwanza.

Limebaki neno moja, alilomwagiza Nephtali kitandani, akasema msiba wake utakusanya watu ambao miguu yake haikuwafikia. Vyombo vilivyorudi ni mia tatu na tisini na vitatu, vimebaki kumi na tisa. Kama una nyumbani kikombe ama birika la rangi ya asali, lenye mikwaruzo mitatu chini ya kitako, alama yake, tafadhali usinywee, hata kama kilikuwa cha arusi yako, kilete kwa Colette karakanani, atakupa kingine, na hatakuuliza kwa nini ulikaa nacho.

Papa Urbain, umetembea vya kutosha. Pumzika, tutavitafuta sisi.