Hedimasta Alikuwa Ameshajifunga Mkanda

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja.

Walisema mwanangu alikuwa anapiga soga. Neno hilo lilinifikia kabla hata jeneza halijafika. Walisema rubani aliwaamuru wahudumu wakae, wenzake wakakaa, yeye akabaki amesimama akicheka na abiria. Mwanamke mmoja alilisema jikoni kwangu huku akiosha vikombe vyangu, hajui niko nyuma ya mlango. "Soga zimemponza," akasema. Nimelala na neno hilo miezi minne.

Kwa hiyo leo mtaniwia radhi. Kila wiki kwenye kipindi hiki nawasimulia marehemu wa watu wengine. Leo namkumbuka wa kwangu. Ni binti yangu wa kwanza. Alikuwa mhudumu wa ndege. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mnaonijua mnajua kwamba shule yangu iliishia ya msingi, lakini kipaza sauti hakijawahi kuniuliza cheti.

Nyumbani tulimwita Hedimasta. Akiwa na miaka sita aliwapanga wadogo zake mstari wa kunawa mikono, na baba yao akiwa mkiani mwa mstari. Hakuna aliyebisha. Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa tu sauti ya mtu aliyeshamaliza kuamua.

Alipopata kazi ya ndege alifanyia mazoezi sebuleni. Alipanga viti vya plastiki viwili viwili, akamketisha mjomba wake, akamfunga kwa mkanda wa suruali.

"Chakula kinakuja saa ngapi?" mjomba akauliza.

"Abiria, mgongo uguse kiti."

"Mimi nilitaka dirishani."

"Mjomba, ukiendelea nakushusha."

"Unanishusha wapi na tuko angani?"

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mjomba wake anasema hadi leo, "Mimi ndiye abiria wake wa kwanza, na msumbufu kuliko wote."

Mimi ni muoga, sifichi. Nikiona wingu jeusi juu ya paa letu nilikuwa nampigia simu, hata kama yuko nchi nyingine. Ananijibu, "Mama, hilo ni wingu lako. Langu bado sijaliona."

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku yenyewe ilikuwa saa tisa alasiri. Mbele ya ndege palikuwa na wingu la radi. Rubani alilizunguka. Narudia: hakuingia ndani ya wingu, alilizunguka. Mhudumu mwenzake alikuja kunieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto. "Mama, wingu la radi ni kama sufuria inayochemka. Hata ukisimama pembeni, mvuke unakufikia." Upande mmoja wa ndege jua lilikuwa linawaka. Abiria walikuwa wanapiga picha. Taa ya mkanda ilikuwa imewashwa. Ndipo rubani akatangaza: wahudumu, kaeni sasa hivi.

Kanuni ya kazi yao ni moja. Ukiambiwa kaa, unakaa na kujifunga. Abiria akisimama, unamkemea ukiwa kitini kwako. Humfuati. Hedimasta aliijua kanuni hiyo. Alikuwa anawafundisha wapya.

Wiki mbili zilizopita mwanamume mmoja alipiga hodi kwangu. Ni fundi wa friji, mikono mikubwa, kofia ameishika kifuani. Alikataa kukaa.

"Mama, ni mimi niliyesimama."

"Ulisimama wapi, mwanangu?"

"Kwenye ndege. Nilisikia baridi. Nilitaka sweta langu kwenye kabati la juu. Binti yako alikuwa ameshakaa, ameshajifunga, hatua tatu kutoka kwangu. Akaniambia, kaka, keti. Nikasema dakika moja tu, dada. Akaniambia tena, keti. Nikamwambia, mvua iko wapi na jua lote hili? Nikafungua kabati."

Akaizungusha kofia mikononi.

"Akafungua mkanda wake, akanijia. Alinisukuma kwa bega nikaanguka kitini. Akanifunga yeye mwenyewe, nikasikia mkanda ukilia ta. Kisha ndege ikaporomoka. Mimi nilibaki kitini. Yeye aligonga dari."

Binti yangu alivunjika shingo. Alifariki hospitalini siku ya pili. Abiria kumi na mmoja waliumia, na wote wamepona.

Nikamuuliza yule fundi swali lililokuwa linanila. "Alikuwa anacheka?"

"Hapana, mama. Alikuwa amenuna."

Wasikilizaji wapendwa, nilicheka. Nililia pia, lakini nilianza kwa kucheka, maana mnuno huo naujua. Midomo mbele, nyusi juu, baba yake mkiani mwa mstari. Nikamwambia fundi, "Haya, keti." Akakaa. Safari hii hakubisha.

Hakuwa anapiga soga. Narudia: hakuwa anapiga soga. Alivunja kanuni ya kazi yake, na hilo sitalificha. Wakubwa zake waliniambia kwa upole, na wana haki. Mimi ningekuwepo ningemshika sketi asiinuke. Lakini hayo ni maneno ya mama, na yule fundi naye ana mama.

Pole kwa baba yake, ambaye bado anamwekea binti yetu kiti mezani. Pole kwa wadogo zake na kwa mjomba wake. Pole kwa wahudumu wenzake, wanaopanda tena kesho asubuhi na hofu moyoni. Na wewe fundi, pole. Najua unanisikia, nilikuomba usikilize.

Sisi wengine tujiulize jambo moja. Ni nani anainuka kila siku kwa sababu sisi hatutaki kukaa?

Sasa chukueni kalamu. Haya ndiyo ya kuepuka ndani ya ndege.

Usifungue mkanda eti kwa sababu taa imezimwa. Ukiwa umekaa, uwe umefungwa.

Usiulegeze mkanda mpaka ngumi ikapita kati yake na tumbo.

Usiamini jua la dirishani. Wingu la radi hukupiga hata ukiwa mbali nalo.

Usimlaze mtoto sakafuni miguuni pako.

Usishike chai ya moto ndege ikianza kutikisika.

Usiende chooni taa ikiwaka, kama unaweza kuvumilia.

Usifungue kabati la juu.

Usisubiri kuambiwa mara ya pili.